Nilimpa Mnywani Wangu Intakula, Mke Wangu Akalipa kwa Mkono Wake

Nina miaka sitini na tisa. Naishi Rugera, Karagwe, mimi na mke wangu Adventina, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoniachia baba. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona mistari yangu inakwenda kushoto na kulia mnivumilie. Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, hakuna aliyenisimulia.

Siku hizi nasikia watu wanabishana sana, hasa hawa wanaoagiza magari. Eti gari lenye supachaja, la kutembelea kila siku tu, si la mashindano, lina haja kweli ya intakula? Wengine wanasema ni urembo. Jamani! Laiti ningempata mtu wa kunijibu swali hilo mapema...

Lakini ngoja nianze na mkono, maana bila mkono hamtanielewa.

Mwaka juzi, msimu wa kuchuma kahawa, Adventina alianguka jikoni. Mimi nilikuwa nje nageuza kahawa juani. Nikasikia sufuria imeanguka, nikasema moyoni, huyu mwanamke leo ana hasira gani... Kumbe ni kiharusi! Upande wake wa kulia wote ulilala. Mguu ulirudi baada ya wiki kadhaa, akawa anachechemea na fimbo. Mkono haukurudi. Ulijikunja, vidole vikaingia ndani ya kiganja kama mtu anayeficha kitu.

Nanyi hamumjui Adventina. Huyu mwanamke alikuwa anaitwa kwenye misiba na harusi za kata nzima kwa sababu ya kisu chake. Wanawake wakikaa kumenya ndizi, wenzake wako kwenye mkungu wa kwanza, yeye anavuta wa pili, na mdomo wake unaongea tangu mwanzo mpaka mwisho. Pale kwenye maganda ndipo palipokuwa baraza lake. Pale ndipo alipopatanisha watu, alipotafutia watoto wetu wachumba, alipocheka. Mkono ukilala, atakaa na nani?

Hospitalini Kayanga kulikuwa na dada anayefanyisha mazoezi ya viungo, mpole sana. Alitukalisha akatuambia kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo ya mkono. Aletwe kila siku ya kazi, anyooshwe, afundishwe upya, bila kuruka. Alisema mkono usipokumbushwa unasahau, na ukishasahau hauambiwi tena.

Kila siku! Kutoka huku kwetu bondeni mpaka Kayanga! Bodaboda tulijaribu mara moja, tukamfunga na kitenge mgongoni kwa dereva, akateleza upande, tukarudi naye analia kwa aibu. Magari ya abiria yanapita juu barabarani, na mpaka umfikishe pale na fimbo yake jua limeshapanda, dada wa mazoezi ana wagonjwa wengine.

Ndipo binti yetu aliyeolewa Mwanza akasema, Tata, yaani baba, nitawaletea gari. Na akaleta kweli. Mtoto ni mtoto!

Lilikuwa gari la familia, la Kijapani, limeviringana kama yai, na majirani hawakuchelewa, wakaliita Yai. Kuendesha najua. Ujana wangu niliendesha pikapu ya parokia miaka sita, mpaka nilipogombana na katekista kwa ajili ya mbuzi wa sadaka... hiyo ni habari nyingine, na mbuzi sikumla mimi.

Yai lilikuwa na supachaja. Kwa asiyejua, hiyo ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Inashindilia hewa ndani ya injini, gari dogo linapata nguvu za gari kubwa. Ukikanyaga linapiga mluzi. Na kati ya ile pampu na injini kuna kitu bapa cha alumini, kama rejeta ndogo, hewa inapita humo kwanza. Hiyo ndiyo intakula. Wakati huo mimi hata jina lake sikulijua.

Tukaanza safari zetu. Saa moja kasorobo asubuhi tunatoka, ukungu bado umelala juu ya migomba, Adventina kajifunika shuka, mimi nawasha taa. Na mkono ukaanza kuitika! Kwanza kidole gumba kikafunguka. Kisha akashika kijiko. Jumapili moja baada ya misa akaomba kisu. Akaishika ndizi kwa kushoto, kisu kwa kulia, akakata mkato mmoja. Mmoja tu, kisu kikaanguka. Tulicheka sisi wawili mpaka machozi yakatoka. Nikamwambia, Krismasi utatumenyea wewe.

Sasa hapo ndipo anapoingia Byarugaba.

Byarugaba ni mnywani wangu. Vijana hawalijui neno hili. Sisi Wanyambo, kama wenzetu Wahaya, urafiki ukizidi urafiki watu wananywana. Tulikuwa vijana wa miaka ishirini hivi. Wazee wakatukalisha, kila mmoja akachanjwa kidogo tumboni, wakachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila punje ikapakwa damu ya mmoja wetu. Mimi nikameza yake, yeye akameza yangu. Padri alikuwa anakataza, tulifanya hivyo hivyo. Na masharti tukasomewa. Mnywani hanyimwi anachoomba. Mnywani hashtakiwi. Mnywani hasemwi vibaya mbele ya mtu wa tatu.

Na nisimwonee. Tulipofiwa na mtoto wetu wa kwanza, Byarugaba ndiye aliyechimba kaburi. Hakumwachia mtu mwingine jembe. Mambo kama hayo hayasahauliki.

Yeye anakaa Murongo, kule mpakani na Uganda. Ana gereji, na ana pikapu ya kubebea mizigo ya wafanyabiashara. Mafundi wa Kayanga ninapita mbele yao kila siku, lakini ningewezaje kumpa gari mtu mwingine wakati mnywani wangu ni fundi? Angeniona mtu wa namna gani? Basi Jumamosi moja nikaendesha, nikapita Kimuli, nikashuka mpaka Murongo, kumwaga oili tu.

Akafungua boneti, akainama. Kisha akagonga ile alumini kwa spana, ikabaki na kovu.

"Hiki kinakusaidia nini?"

Nikasema sijui, nimekikuta humo. Akanieleza kwamba intakula ni ya watu wa mashindano, na ya watu wa Dar es Salaam wanaochemka mchana kutwa.

"Wewe unatoka nyumbani na ukungu, unarudi na mawingu," akasema. "Hewa ya Karagwe Mungu ameshaipoza. Unataka ipozwe mara ya pili iwe barafu?"

Mafundi wake wakacheka. Na mimi nikacheka, maana niliona ni kweli. Sisi huku si watu wa baridi? Akaongeza kwamba yako magari yenye supachaja yanayotoka kiwandani bila intakula na yanatembea vizuri tu. Na hilo, nilikuja kujua baadaye, si uongo. Uongo mtamu haukosi chumvi ya ukweli...

Kisha akaniomba. Akasema, nipe mimi, mnywani, kwako ni mzigo tu. Nami nikasema chukua. Nilisema hata kabla hajamaliza! Akafunga mpira mnene kutoka kwenye pampu moja kwa moja hadi kwenye injini, nikaondoka.

Na mtashangaa: gari lilikuwa jepesi zaidi! Nikigusa tu linaruka. Njia nzima nilikuwa namsifu Byarugaba peke yangu kama mwendawazimu.

Nyumbani nikamwonyesha Adventina. Akaangalia pale palipobaki wazi, akaniuliza, "Wajapani walikiweka cha nini, kama hakina kazi? Wale ni watu wa kuweka kitu bure?"

Nikamjibu kwamba mambo ya magari hayajui, akae na ndizi zake. Nilimwambia hivyo mtu ambaye ndizi zilikuwa zimemshinda. Mungu anisamehe!

Wiki ya tatu, tukiwa tumewapa lifti majirani wanne, tunapanda mlima wa kuingia Kayanga, nikasikia sauti kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Nikilegeza mguu inanyamaza. Nikikanyaga inarudi. Baada ya siku chache nguvu zikaanza kupungua, na mchana tukirudi sindano ya joto ilikuwa inapanda mahali ambapo haikuwahi kufika.

Nikampigia simu mnywani. Akasema ni mafuta machafu. Nikabadilisha kituo cha mafuta, kokoto zikaendelea. Akasema ni plagi, nilete gari. Nikalipeleka Murongo, zikapotea siku mbili za mazoezi. Akabadilisha plagi, kokoto zikalia vilevile. Akasema basi endesha polepole, wewe ni mzee. Zikapotea siku tatu nyingine, maana gari liligoma kabisa kupanda. Dada wa mazoezi akaanza kuuliza, Baba, mbona mnaruka? Nikasema barabara.

Kila kokoto zilipolia, Adventina alikuwa anaushika ule mkono wa kulia kwa wa kushoto, anaufunika.

Siku moja nilikuwa nimemshusha hospitalini, gari likakata nguvu mbele ya gereji ya mama mmoja anaitwa Editha. Ndiyo, fundi mwanamke, anatengeneza magari na mashine za kukobolea kahawa. Akanipa shikamoo, akafungua boneti, akauliza intakula iko wapi. Nikamweleza habari za baridi ya Karagwe. Hakucheka.

"Tata, umewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono?"

Nikamwambia nilibeba ndizi kwa baiskeli kabla mama yake hajaolewa.

"Kule chini ya pampu, upepo unapotokea, panakuwaje?"

"Panaunguza."

"Hata asubuhi, kwenye ukungu?"

Nikatazama kidole changu. Wasomaji wenzangu, nilijiona kama mtoto aliyekamatwa. Miaka arobaini nimeshika pampu ya baiskeli! Nimeungua kidole hiki hiki, asubuhi za baridi kabisa, na sikuwahi kujiuliza moto ule unatoka wapi!

Editha akanieleza taratibu. Hewa ikishindiliwa inapata moto, hata kama imetoka kwenye ukungu. Intakula haikuwekwa kupoza hewa ya nje, imewekwa kupoza hewa iliyotoka kwenye pampu. Hewa ya moto inaiwasha petroli kabla ya zamu yake, na zile kokoto ni pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda. Nikamwuliza, mbona mengine hayana? Akasema yale yalipimwa hivyo tangu mwanzo, yanashindilia hewa kidogo, na injini yake imepangwa kwa hali hiyo.

"Lako limezaliwa nayo," akasema. "Liache hapa, niitafute nyingine hata Mwanza. Mlima usipande nalo tena."

Nilipaswa kufanya nini? Kuliacha! Mtu mwenye akili angeliacha pale pale, akapanga chumba Kayanga wiki mbili, mkono ukaendelea. Lakini mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu. Nikiliacha kwa Editha, Kayanga nzima itajua kwamba Byarugaba amenidanganya. Nitakuwa nimemsema mnywani wangu mbele ya mtu wa tatu. Nikamwambia Editha asante, nitaangalia, nikasubiri injini ipoe, nikaondoka.

Adventina alikuwa ananingoja kwenye benchi la hospitali. Akauliza fundi kasemaje, maana kuna mtu alikuwa ameniona pale gereji, akamwambia. Nikamwambia kasema liko salama.

Hapo ndipo ilipo dhambi yangu. Byarugaba alinidanganya mimi. Mimi nikamdanganya mgonjwa.

Siku nne baadaye, katikati ya ule mlima, injini ikapiga mlio mmoja mkavu, moshi mwingi ukatoka nyuma, gari likasimama. Pistoni ilikuwa imetoboka. Gasketi imeungua. Nikatia mawe nyuma ya magurudumu, nikamshusha Adventina, akakaa kwenye majani pembeni ya barabara tangu asubuhi mpaka saa nane, mkono mapajani, watu wanapita wanamsalimia. Alikuwa anaitikia wote.

Gari likavutwa mpaka kwa Editha. Alinitazama tu. Vipuri vikaagizwa, vikachelewa, vilivyofika vya kwanza havikufaa. Wiki baada ya wiki...

Nilijaribu kuwa dada wa mazoezi mimi mwenyewe. Kwa mikono hii ya jembe! Nilimnyoosha vidole mpaka akanisukuma kwa maumivu. Binti akapiga simu akasema mhamie Kayanga kwa shangazi yake anayekaa huko. Nikajibu hapana, gari linakaribia kupona. Kweli fahari ya mwanaume ni ugonjwa. Nilikuwa naogopa kuulizwa na shangazi gari limekufaje.

Wiki ya sita kijiko kikaanza kudondoka. Wiki ya nane kidole gumba kikarudi ndani.

Editha akanitumia ujumbe kwamba injini iko tayari, lakini haifungi bila intakula, na aliyoitafuta hajaipata. Basi nikapanda gari la abiria mpaka Murongo kumwomba mnywani anirudishie ile.

Nikakuta pikapu yake imesimama nje ya gereji, boneti wazi, ndiyo kwanza imetoka kubeba mizigo. Pikapu ile ina tabo, ambayo nayo inashindilia hewa kama supachaja. Na mle ndani, imefutwa vizuri, imefungwa kwa vibanio vipya, nikaiona intakula yangu! Niliijua kwa lile kovu la spana.

Byarugaba akatoka anatabasamu. Nikamwuliza, "Murongo hakuna baridi?"

Tabasamu likaisha. Akasema tuingie ndani tunywe chai. Nikakataa. Tangu tunywane sikuwahi kukataa kitu cha mkononi mwake.

"Ulijua?"

"Yangu ilipigwa na jiwe," akasema. "Nilikuwa na mizigo ya watu. Nilijua gari lako litasumbuka. Nilisema nitatafuta nyingine nikurudishie kabla halijafa."

"Ungeniambia. Ningekupa hata hivyo."

"Ungenipa, ndiyo. Halafu ungekaa bila gari ukinung'unika. Nilitaka unipe ukiwa na furaha."

Mnasikia maneno hayo? Ukiwa na furaha! Nilitaka kumpiga, lakini mzee wa miaka yangu akimpiga mzee mwenzake wote wawili wanaanguka. Nikamwambia habari za mkono. Nikamwambia kila siku, bila kuruka, na kile kidole gumba. Akakaa chini juu ya tairi.

"Mimi nilijua ni gari la kwenda kanisani," akasema. "Habari ya mkono hukuniambia."

Na kweli, kiharusi alikisikia, lakini habari za mazoezi ya kila siku sikuwa nimemwambia. Kwenye simu tulikuwa tunaongea plagi tu.

Akaifungua mwenyewe. Ilikuwa bado ya moto. Nikaifunga kwenye gunia, nikaipakata njia nzima ya kurudi, na sikumuaga. Tangu siku hiyo hatujaonana. Ananipigia, simu inaita mpaka inakata.

Gari sasa ni zima. Linapanda ule mlima na watu saba, halina kokoto, mluzi tu. Wiki ile ile nikamrudisha Adventina kwa dada wa mazoezi. Akaushika mkono muda mrefu, akauvuta taratibu, akautuliza juu ya meza. Akasema tuendelee kuja ili usikakamae zaidi. Hakusema utarudi. Sikumwuliza.

Tukiwa tunarudi nikasimamisha gari pembeni, nikamwambia Adventina yote. Nikamwambia Editha alisema nini, na mimi nikasema nini. Nilitegemea atalia.

"Nilikuona usoni siku ile," akasema. "Nikangoja uniambie. Nikangoja mlimani, nikangoja nyumbani." Kisha akasema, "Mnywani wako ulimlinda asipate aibu. Mimi ulinilinda na nini?"

Nikawasha gari.

Misiba bado anaitwa. Wanawake wanamwekea kigoda karibu na ndizi, wanamwambia Ma Adventina wewe tusimulie tu. Anasimulia kidogo, kisha anaangalia visu vya wenzake, maneno yanamkatikia. Nyumbani namenya mimi. Wanaume wa Rugera wananicheka wakipita, na wana haki, maana natupa nusu ya ndizi na maganda. Yeye anakaa ananitazama, anasema punguza kisu, mzee, unachinja. Siku nyingine anasema hivyo huku anacheka. Siku nyingine hasemi.

Ndugu msomaji, unayeuliza kama gari la kila siku lina haja ya intakula, mimi nakujibu hivi: kama limezaliwa nayo, iache. La kila siku ndilo lenye haja zaidi, maana kuna mtu anayelitegemea kila siku. Usidanganyike na baridi ya kwenu. Mpelekee fundi wa pili aliangalie, hata kama wa kwanza ni damu yako. Na ukishaambiwa ukweli, hata ukiwa unamwaibisha rafiki wa miaka hamsini, ufikishe nyumbani siku hiyo hiyo, kwa yule anayekungoja kwenye benchi. Mimi wangu niliufikisha, lakini mkono ulikuwa umeshajikunja.